Mkono Juu ya Uso wa Mama

Kwa miaka hamsini mzee huyu alifanya kazi mahali ambapo watu wengine hujigonga magoti. Chumba chake cha giza kilikuwa nyuma ya studio, hatua sita kwa nne, kila upenyo umezibwa kwa gundi na karatasi nyeusi. Ndani mlikuwa na taa moja nyekundu, mashine ya kukuzia picha juu ya meza iliyosukumwa hadi ukutani, mabeseni matatu ya dawa, na bomba ambalo halikuwahi kufungika sawasawa. Mtaa mzima ulimwita Fundi Giza. Alilipenda jina hilo ingawa hakupata kulikiri, maana alikuwa mtu aliyenyooka kama rula: shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, ndevu zimekatwa sawa, na mteja aliyeambiwa saa nne alikabidhiwa picha yake saa nne.

Sasa dawa zilikuwa zimeadimika madukani, karatasi za picha haziagizwi tena, chumba cha giza kimegeuka stoo ya maboksi, naye, akiwa na miaka sabini na minane, alikuwa mwanafunzi.

Mwalimu wake alikuwa mjukuu wake, binti wa mwanawe wa kwanza, mwanamke wa miaka thelathini aliyerekebisha picha za maharusi kwa kompyuta katika chumba kile kile cha mbele ambamo zamani wateja waliketi kwenye benchi wakichana nywele. Kila asubuhi saa tatu, kabla wateja hawajaanza kuingia, wawili hao walikaa bega kwa bega mbele ya skrini.

"Babu, usikikabe kipanya hivyo. Hakikimbii."

"Kinatetemeka."

"Kinatetemeka kwa kuwa wewe unatetemeka."

"Mimi? Mkono huu umekinga nyuso za nusu ya mji, mtoto wewe, na hakuna hata mmoja aliyetoka na doa."

"Basi uambie mkono huo ubofye mara mbili, si mara tano."

Mambo mengi aliyashika upesi kuliko mwalimu alivyotarajia. Moja tu lilimshinda, nalo halikuwa la akili bali la mkono. Katika chumba cha giza karatasi ya picha huanza ikiwa nyeupe, na mwanga ndio unaoitia weusi. Ukitaka uso ung'ae, unauzuia mwanga usiufikie: unaingiza mkono kati ya mashine na karatasi, unaukinga uso huo kwa sekunde kadhaa, na pale ulipopakinga hubaki peupe. Ukitaka pawe peusi, unapaachia mwanga upachome. Kumbe kwenye kompyuta ukiongeza mwanga panakuwa peupe, ukiupunguza panakuwa peusi, jambo ambalo mzee aliliona la kitoto.

"Mwanga kuleta weupe, hata mbuzi anajua hilo," alisema. "Ufundi uko wapi hapo?"

Lakini mkono ulikuwa na mazoea yake. Alipotaka kung'arisha, ulipunguza mwanga; alipotaka kutia giza, uliongeza. Mjukuu alicheka hadi akapangusa macho.

"Babu, wewe ukipewa gari utakanyaga breki ili twende."

Juma hilo walikuwa na kazi moja ya kifamilia, na hiyo haikuwa ya kuchekwa. Ilikuwa picha ya mama mzazi wa mzee huyo. Mama ameketi kwenye kiti cha mbao, dirisha ubavuni, ukuta mtupu nyuma yake, mikono magotini, anamtazama mpigaji kana kwamba yuko karibu kumwuliza kama amekula. Duniani hapakuwa na picha yake nyingine. Filamu ilikwisha kuoza kwa unyevu miaka mingi iliyopita. Ilibaki nakala moja tu sebuleni kwa mzee, nayo imeanza kuliwa na madoa. Nyuma yake palikuwa na maneno ya mwandiko wake mzuri wa kishule, pamoja na tarehe na sahihi: *Niliipiga na kuisafisha mwenyewe.*

Aliyeitaka nakala mpya alikuwa binti wa marehemu kaka yake mkubwa, mshonaji wa nguo, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu aliyekuwa amefunga mizigo kwenda kuishi mbali, kwa mwanawe. Alikuja Jumapili, akakaa, akakataa chai.

"Baba Mdogo, nakala naitaka. Ila nyuma yake liandikwe jina la baba yangu."

"Jina la nini?"

"La aliyepiga. Baba ndiye aliyempiga Bibi. Mimi nilikuwapo, nilishika pazia lisipepee."

"Ulikuwa na miaka saba. Mtoto wa miaka saba hukumbuka peremende, hakumbuki kazi."

"Nakumbuka pazia, Baba Mdogo. Na wewe unakumbuka." Alisimama, akajitengeneza kitambaa kichwani. "Jumamosi nitapita. Ukiandika kweli, nitaichukua na nitakuombea heri. Usipoandika, tutaagana hapo mlangoni, na sitarudi kukusumbua tena. Wala simu."

Kilichomuuma mzee ni kwamba binti huyo alisema kweli. Kaka yake ndiye aliyepiga. Siku kumi na mbili baadaye homa ikamchukua, filamu ikiwa bado ndani ya kamera. Wiki ya tatu baada ya maziko, mdogo mtu alijifungia peke yake katika chumba cha giza, akaisafisha kwa dawa na kuitoa picha kwenye karatasi. Picha ilipowekwa kwenye dirisha la studio, mteja wa kwanza alisimama, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Ni wewe uliyempiga?" Naye akasema ndiyo. Neno dogo tu. Toka hapo watu walikuja na watoto wao na wachumba wao wakisema, "Tupige kama ulivyompiga mama yako." Miaka arobaini na sita alikuwa amelala juu ya neno hilo, na hakuwahi kumdanganya mtu mwingine yeyote katika jambo jingine lolote.

Jumanne mjukuu aliipitisha picha ile kwenye skana. Madoa waliyaondoa vizuri. Kisha akasema, "Babu, ukuta huu wa nyuma una giza kidogo. Ung'arishe, lakini taratibu," akainuka kwenda kumfungulia mtu aliyeleta kadi za mwaliko.

Mzee alishika kipanya. Alitaka kung'arisha, na mkono wake, kama kawaida yake, ukapunguza mwanga. Ukauvuta hadi mwisho. Ukuta ulizama katika weusi, kiti kikazama, mabega ya mama yakazama. Uso wake ukabaki ukielea kama sahani ndani ya maji. Alikuwa karibu kujicheka alipoona kwamba weusi ule haukuwa sawasawa.

Juu ya kichwa cha mama, pale ambapo jicho la mtu halijapata kuona ila ukuta, kulikuwa na kitu cha rangi ya jivu. Kilishuka kutoka ukingo wa juu wa picha, chembamba, kikapanuka, kisha kikagawanyika na kuufunika uso. Alikitambua mara moja, kwa maana ilikuwa kazi yake. Ni kivuli cha mkono uliokinga mwanga. Mkono ukitikisika hauachi mpaka, ndivyo afunzwavyo kila fundi. Huu ulikuwa umetulia kabisa, hadi ukaacha umbo lake katika karatasi. Kidole gumba, cha shahada, cha kati. Halafu pengo. Halafu kidole cha mwisho.

Alihesabu mara ya pili, kama karani.

Kaka yake, aliyefanya naye kazi studioni, alikuwa mashoto, na mtaani waliitwa wawili hao Fundi Giza na Bwana Vinne, kwa kuwa kisu cha kukatia karatasi kilikuwa kimemchukua kaka mtu kidole cha pete cha mkono wa kushoto.

"Umeenda kinyume tena!" mjukuu alisema, akirudi. Kisha akaona. Akainama hadi pua ikakaribia skrini. "Hee. Babu, huu si mkono?"

"Ni mkono."

"Wako?"

Mzee alinyoosha mkono wake wa kuume mezani, vidole vitano, vyote vizima, akauacha hapo ujibu.

Mjukuu hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Alileta taa ya mezani, akaielekeza kwenye karatasi nyeupe. "Jaribu. Labda ulikunja kidole." Mzee alikunja kidole cha pete, kivuli kikatoa nundu, si pengo. Alijaribu mkono wa kushoto, akajaribu kwa mgongo, kwa ubavu. Nundu. Kisha mjukuu akaigeuza karatasi, juu ikawa chini.

"Babu, ulipokuwa unasafisha, uso wa mtu ulikuwa unauelekeza wapi?"

"Kwangu. Daima. Siwezi kufanya kazi na watu waliopinduliwa vichwa chini."

"Basi mkono wako ungetokea chini ya picha, au ubavuni. Huu umetoka juu. Ng'ambo ya meza." Alimtazama. "Ng'ambo ya meza palikuwa na nini?"

"Ukuta," alisema mzee.

Siku ile somo liliishia hapo.

Jumatano mjukuu alikwenda kuchukua kazi mjini, na mzee akabaki na kompyuta peke yake, saa tano asubuhi, jua limejaa kizingitini. Aliketi na kufunga vifungo vya mikono ya shati. Mwanga wa picha ukiachwa kama ulivyokuwa, mkono hauonekani. Hata yeye alikuwa amekaa nao sebuleni miaka arobaini na sita. Angeweza kuuacha. Lakini hakuwa mtu wa kuacha doa analolijua. Zaidi ya hayo, alijiambia, akiufuta mkono ule hapatakuwa na la kuandika nyuma ila lile lililokwisha kuandikwa.

Chombo alikijua: brashi ya kuazima, ndivyo mjukuu alivyoiita. Unaionyesha mahali pasafi, inaazima kutoka hapo na kupaka pale unapotaka kuziba. Alipunguza mwanga ili auone mkono, akaionyesha brashi ukuta uliokuwa mtupu kando yake, akaanza kupaka. Kidole cha kwanza kikafutika. Alivuta pumzi. Cha pili kikafutika. Alikuwa akisogea kwa uangalifu wa fundi, kidogo kidogo, wala hakujua jambo ambalo mjukuu hakuwa amefika kumfundisha: brashi ile inapotembea, mahali inapoazima napo panatembea pamoja nayo. Alipokuwa anapaka huku, yenyewe ilikuwa imekwisha kuvuka ukuta mtupu na kuanza kuazima kutoka kwenye mkono.

Alipoegemea nyuma atazame kazi yake, mikono ilikuwa miwili.

Alifuta wa pili. Ikawa mitatu. Alijaribu kutoka upande wa pili, akabofya, akaburuta, akabana midomo. Na kila alipoondoa vidole hapa vilichipuka pale, safu nzima ya mikono ikishuka kutoka ukingo wa juu wa picha, yote ya rangi ya jivu, yote imetulia, yote ina pengo mahali pamoja, na chini yake mama anatazama kana kwamba yuko karibu kumwuliza kama amekula.

Mjukuu aliporudi alimkuta ameketi wima, mikono magotini, skrini inawaka.

"Babu! Umefanya nini?"

"Nilikuwa nasafisha."

Alimweleza kosa la brashi, bila kucheka, akairudisha picha ilivyokuwa. Mkono mmoja. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Aliyaelewa maelezo yale, yalikuwa sawa, na hayakumsaidia kitu.

"Lete boksi la stoo," alisema. "La mwaka ule. Na lile la mwaka uliotangulia."

Alhamisi na Ijumaa walipitisha picha kwenye skana, moja baada ya nyingine. Nakala zote za studio za miaka hiyo zilizowahi kukataliwa au kusahauliwa na wateja zilikuwa mle. Katika zile za kabla ya kifo cha kaka yake hapakuonekana kitu, maana mkono wa mzee ulitikisika kama ulivyofunzwa. Katika zile za baada, bibi harusi mmoja mwenye shela, mtoto mchanga kwenye mto, karani aliyetaka picha ya kitambulisho: mjukuu alivuta mwanga hadi mwisho, na kutoka juu ukashuka mkono wenye vidole vinne, ukawafunika nyuso.

"Na zilizochukuliwa?" mjukuu aliuliza kwa sauti ndogo. "Zile zilizoko kwa watu?"

Mzee aliwaza kuta za mji huo, vyumba alivyovijua na asivyovijua, wazee waliokufa wakiwa bado vijana ndani ya fremu zao. Wote walikuwa wametazamwa kila siku, na kila mmoja alikuwa na mkono wa marehemu juu ya uso wake, na hakuna aliyejua.

"Zima mashine," alisema. "Kesho shangazi yako anakuja."

Binti wa kaka yake alifika Jumamosi saa nane, na safari hii alikaa kwenye ukingo tu wa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri gari. Picha mpya ilikuwa mezani, kavu, safi. Mjukuu alikuwa ameitoa vizuri. Ukuta umeng'aa kidogo, uso wa mama umejaa. Mshonaji aliitazama, na mkoba ukateleza mapajani asiuokote.

Kisha akaigeuza. Nyuma palikuwa patupu.

"Hujaandika, Baba Mdogo."

"Nilitaka kwanza nikuonyeshe kitu. Baada ya hapo utanihukumu."

Mjukuu alivuta mwanga. Mshonaji aliuona mkono ukitokea gizani, na hakupiga kelele. Alinyanyua mkono wake mwenyewe, akavihesabu vidole vya skrini kwa mbali, bila kuvigusa.

"Huyu ni baba," alisema.

"Ni yeye."

"Basi ndiye aliyeisafisha pia. Na hilo ulilificha?"

"Hapana, mwanangu. Nisikilize." Mzee alisimama, kama mwanafunzi wa zamani alivyofundishwa kusimama anapoungama kosa mbele ya darasa. "Aliyepiga ni baba yako. Ulishika pazia, na pazia lilikuwa na maua. Nilisema uongo, nikauandika, nikala kwa huo uongo. Hilo ni moja, nalo ni langu peke yangu. La pili ni hili. Siku niliyoisafisha, baba yako alikuwa na wiki tatu kaburini. Mlango nilikuwa nimeukaza komeo kwa ndani. Uso wa mama ulihitaji kukingwa sekunde kumi na nane, la sivyo ungetoka mweusi tii. Nikawasha mashine, nikamwona mama ametokea kwenye karatasi, nikakumbuka nani alikuwa amesimama mbele yake, na mikono ikakataa. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili ili nisianguke. Yote miwili. Nilihesabu hadi mwisho nimeishika meza, nikijua nimeiharibu picha. Nilipoitia kwenye dawa, uso ukaja mzuri kama mnavyouona."

Mshonaji aliinama, akauokota mkoba wake.

"Nikajiambia bila shaka niliukinga na nimesahau," aliendelea. "Mtu hujiambia mengi. Na baada ya siku ile, kila nilipoingia mle, kazi ilikuwa nyepesi. Watu wakanisifu. Sikuuliza kwa nini ni nyepesi."

Alivuta kiti, akaketi, akaomba kalamu. Aliandika polepole, herufi zake zikisimama sawasawa kwenye mstari usiokuwapo. Alipomaliza, alimsogezea mshonaji. Mjukuu alichungulia juu ya bega la shangazi yake, akasoma kwa sauti:

"*Kaka yangu mkubwa aliipiga. Tuliisafisha.*" Akasita. "Babu, umekosea hapa. Ulitaka kuandika *niliisafisha*. Ulikuwa peke yako."

"Mimi sikosei sarufi," alisema mzee.

Mshonaji aliupuliza wino hadi ukakauka, akaiweka picha ndani ya mkoba, kati ya vitambaa viwili. Ilionekana kwamba atainuka na kwenda mlangoni, naye aliinuka kweli, lakini akageukia upande wa nyuma wa nyumba, kwenye ushoroba, hadi mbele ya mlango wa stoo. Wengine wakamfuata. Rangi nyeusi ya mlango ilikuwa imebanduka, na kitasa kilikuwa kile kile.

"Nikiwa mdogo niliufungua siku moja bila kubisha," alisema, "nikaunguza karatasi za siku nzima kwa mwanga wa nje. Baba hakunipiga. Aliniambia tu, ukifika hapa bisha, kisha subiri. Asipoitika aliye ndani, usiingie."

"Ndivyo ilivyokuwa," mzee alisema.

Mwanamke huyo akanyoosha kitambaa chake kichwani, akagonga mara mbili.

"Hodi," akasema.

Na ingawa wote watatu walijua kwamba mle ndani hamna kitu ila maboksi na bomba bovu, hakuna aliyekigusa kitasa. Walisimama pale mchana kweupe, bega kwa bega, wakisubiri kuitikiwa.